Fizikia ya Kiti cha Magurudumu: Somo Kutokana na Mapambano 470 ya Esther Vergeer

Tarehe 30 Januari, 2003, katika mji wa Sydney, Australia, mchezaji wa tenisi ya kiti cha magurudumu aitwaye Esther Vergeer, kutoka Uholanzi, alishindwa na Daniela Di Toro wa Australia. Siku hiyo hapana aliyejua kwamba lilikuwa jambo la kuandikwa, kwa maana mchezaji yeyote, hata aliye bora kabisa, hushindwa mara kwa mara. Lakini Vergeer hakushindwa tena. Tangu siku hiyo hadi alipotangaza kuuacha mchezo mwezi Februari 2013, alicheza mapambano 470 ya mtu mmoja kwa mmoja, na yote 470 akashinda.

Mwalimu atakayewasimulia wanafunzi wake habari hii hatakosa kusikia swali kutoka viti vya nyuma: "Pengine wapinzani wake walikuwa dhaifu tu?" Mwanafunzi huyo asikemewe. Swali lake ni la kisayansi, na lastahili jibu la kisayansi. Lina sehemu mbili. Kwanza, ni kazi gani hasa anayoifanya mchezaji aliyeketi katika kiti cha magurudumu, na mtu aweza kumzidi mwenzake kwa jambo gani katika kazi hiyo? Pili, ziada hiyo yapaswa kuwa kubwa kiasi gani ili izae ushindi 470 mfululizo? Sehemu ya kwanza ni ya somo la fizikia la kidato cha pili na cha tatu. Ya pili yahitaji jedwali la logi na subira kidogo.

MAISHA YAKE, NA MAANA YA KUUMIA UGWE WA MGONGO

Vergeer alizaliwa tarehe 18 Julai, 1981, katika mji wa Woerden. Alipokuwa na umri wa miaka minane alifanyiwa operesheni kwa sababu ya hitilafu katika mishipa ya damu inayouzunguka ugwe wa mgongo. Baada ya operesheni hiyo miguu yake haikuweza tena kusogea.

Ugwe wa mgongo ni fungu la nyuzi za neva linaloshuka kutoka ubongoni na kupita ndani ya pingili za uti wa mgongo. Ndiyo njia ya ujumbe kati ya ubongo na mwili. Unapoumia, misuli iliyo chini ya jeraha haifi, bali hukosa amri. Ni kama waya wa simu uliokatika baina ya miji miwili, ambapo simu zenyewe ni nzima huku na huku, ila sauti haifiki. Kadiri jeraha lilivyo juu ndivyo hasara inavyokuwa kubwa. Jeraha la shingoni hugusa mikono na miguu pia. Jeraha la kifuani huiacha mikono salama lakini huweza kuondoa nguvu za misuli ya tumbo na mgongo. Jeraha la kiunoni huacha kiwiliwili chote kikiwa na nguvu. Tena neva hizo haziendeshi misuli pekee. Huongoza pia utokaji wa jasho, na ngozi iliyo chini ya jeraha aghalabu haitoi jasho ipasavyo. Kwa hiyo mchezaji aliyeumia ugwe aweza kupatwa na joto la hatari mapema kuliko wenzake, jambo ambalo mwalimu wa michezo katika nchi zetu za jua kali hana budi kulikumbuka kabla ya kumpeleka mwanafunzi wa namna hiyo uwanjani saa saba mchana.

Katika kipindi cha kurudishiwa nguvu za mwili, mtoto Esther alifundishwa michezo kadhaa ya kitini. Mmoja wapo ulikuwa mpira wa kikapu, na katika huo aliendelea hadi kuwa katika timu ya taifa ya Uholanzi iliyopata ubingwa wa Ulaya mwaka 1997. Mwingine ulikuwa tenisi. Mwaka 1999 alishika nafasi ya kwanza duniani katika tenisi. Kisha akapata medali ya dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu ya Sydney mwaka 2000, Athens mwaka 2004, Beijing mwaka 2008 na London mwaka 2012, pamoja na dhahabu tatu za wachezaji wawili wawili. Katika mashindano makuu ya Australia, Ufaransa na Marekani alitwaa ubingwa wa mmoja mmoja mara 21. Huko Wimbledon, Uingereza, hakuwa na nafasi ya kuutafuta ubingwa huo, kwa kuwa mashindano ya mmoja mmoja kwa wenye viti yalianzishwa mwaka 2016, yeye akiwa amekwisha kustaafu.

MCHEZO WENYEWE

Tenisi ya kiti cha magurudumu ilianzishwa Marekani mwaka 1976 na kijana Brad Parks, aliyekuwa amevunjika mgongo katika michezo ya kuteleza juu ya theluji. Jambo la kutazamwa ni kwamba uwanja haukupunguzwa hata kidogo. Urefu wake ni mita 23.77 na upana mita 8.23 kwa mchezo wa mmoja mmoja. Wavu ni ule ule wenye kimo cha sentimita 91.4 katikati, raketi na mpira ni vile vile. Kanuni moja tu ndiyo iliyogeuzwa: mchezaji wa kitini anaruhusiwa kuuacha mpira udunde mara mbili kabla ya kuupiga, na mdundo wa pili si lazima uwe ndani ya mistari.

Hebu tuipime ruhusa hiyo kwa hesabu. Mpira wa tenisi ukiangushwa kwenye sakafu ngumu hupanda tena kwa kimo kizidicho kidogo nusu ya kile ulichotoka, tuchukue 0.55. Tuseme mpira umedunda mara ya kwanza na kupanda mita 1. Muda wa kupanda na kushuka ni mara mbili ya kipeo cha pili cha 2h/g, yaani sekunde 0.90. Baada ya mdundo wa pili utapanda mita 0.55, na muda wake ni sekunde 0.67. Basi kanuni ya midundo miwili humzidishia mchezaji muda usiofika sekunde 0.67, kwa sababu yampasa aupige kabla haujagusa chini mara ya tatu.

Yaonekana kama zawadi kubwa, lakini ina bei. Katika muda huo mpira haukusimama. Ukienda kwa kasi ya mita 8 kwa sekunde, utakuwa umekwenda mbele zaidi ya mita 5, na mchezaji atalazimika kuufuata nyuma ya mstari wa mwisho. Kutoka mstari wa mwisho, katikati, pembe ya kuzifikia kona mbili za upande wa pili ni nyuzi 20 hivi. Kutoka mita 5 nyuma yake, pembe hiyo hupungua kuwa nyuzi 16. Yaani mpigaji ana nafasi finyu zaidi ya kumhangaisha mpinzani, na mpinzani naye amepata muda wa kurudi mahali pazuri. Ndiyo sababu wachezaji wa daraja la juu, kila wanapoweza, huupiga mpira baada ya mdundo mmoja tu. Ruhusa ya mdundo wa pili ni akiba ya dharura.

KITI NI MASHINE YA NAMNA YAKE

Watu wengi hukidhania kiti cha magurudumu kuwa ni badala ya miguu. Mawazo hayo hayafai kwa mwanafunzi wa fizikia. Miguu yaweza kumpeleka mtu kando bila ya kugeuka, magurudumu hayawezi. Mtu asimamaye akiona mpira umepigwa kuliani kwake, huruka hatua mbili za ubavu na kuupiga. Aliye kitini hana budi kwanza ageuze kiti, ndipo akisukume. Na tatizo kubwa kuliko yote ni hili: mikono ile ile inayosukuma magurudumu ndiyo inayopiga mpira. Mkono mmoja umeshika raketi wakati unasukuma, hivyo haupati kulikamata gurudumu sawasawa. Hapana gia wala mtaimbo wa kusaidia, kanuni zinakataza.

Tutazame magurudumu yenyewe. Mwanafunzi akikiona kiti cha tenisi mara ya kwanza hudhani kimeharibika, maana magurudumu yake makubwa yamelala, vichwa vikikaribiana juu na nyayo zikitengana chini. Mlalo huo huweza kufika nyuzi 20. Tuchukue gurudumu lenye nusukipenyo cha sentimita 32, na tuseme vitovu vya magurudumu mawili vimeachana kwa sentimita 62. Sini ya nyuzi 20 ni 0.342, tukizidisha kwa 32 twapata sentimita 11. Basi chini, mahali yanapogusa ardhi, magurudumu yameachana kwa sentimita 62 + 22 = 84, na juu, karibu na mapaja ya mchezaji, kwa sentimita 40 tu. Mikono inayasukuma pale yalipo karibu na mwili, huku ardhi ikiyapokea pale yalipo mbali.

Faida yake ni mbili. Ya kwanza ni kutopinduka. Kiti kinapokata kona, mchapuko kuelekea ndani ya kona (tuuite a) hutaka kukiangusha upande wa nje. Tukichukua momenti kuzunguka mahali gurudumu la nje linapogusa ardhi, uzito hukirudisha chini kwa mkono wa urefu wa nusu ya upana, na kani ya kona hukipindua kwa mkono ulio sawa na kimo cha kitovu cha uzito. Mchapuko mkubwa kabisa unaovumilika ni:

a = g × (nusu ya upana) ÷ (kimo cha kitovu cha uzito)

Tuseme kitovu cha uzito wa mtu na kiti kiko mita 0.75 juu ya ardhi. Kwa upana wa mita 0.62, a ni 4.05, kwa upana wa mita 0.84, a ni 5.49. Mchezaji anayekwenda kwa kasi ya mita 3 kwa sekunde anaweza kukata kona yenye nusukipenyo cha v²/a: mita 2.2 kwa kiti cha magurudumu yaliyosimama, na mita 1.6 kwa kile cha magurudumu yaliyolala, mradi tairi zisiteleze. Faida ya pili ni kugeuka papo hapo. Gurudumu moja likisukumwa mbele na jingine likivutwa nyuma kwa kani zilizo sawa, momenti ya kugeuza huwa sawa na kani mara upana, 0.84 kwa 0.62 ni ziada ya asilimia 35. (Kiti hicho kina aibu moja: hakipiti katika milango mingi ya madarasa yetu. Lakini hata kiti cha kawaida hakipiti katika mingine, na hilo si kosa la kiti.)

Sasa twafika kwenye kiini cha ufundi wenyewe. Tuseme mpira umepigwa mahali palipo mita 4 kutoka kwa mchezaji, na mikono yake yaweza kumpa mchapuko wa mita 1.5 kwa sekunde kwa sekunde. Akiwa amesimama tuli, kwa kanuni s = ½at², atafika baada ya sekunde 2.31. Lakini kama kiti chake tayari kilikuwa kinakwenda upande huo kwa kasi ya mita 1.5 kwa sekunde, kanuni s = ut + ½at² hutupa sekunde 1.52. Ameokoa sekunde 0.79.

Msomaji alinganishe namba hiyo na ile ya mdundo wa pili. Kanuni yote ya midundo miwili, ambayo watu huiona kuwa huruma kubwa kwa wachezaji hawa, humpa mtu muda usiofika sekunde 0.67; kutosimama tu kwaweza kumpa sekunde 0.79, tena bila ya kumrudisha nyuma ya mstari wala kumpunguzia pembe ya kupigia. Kwa hiyo mchezaji stadi hasimami baada ya kupiga. Hugeuka, huzunguka kidogo, hujirudisha kuelekea katikati, magurudumu yakiwa yanabingirika muda wote, akikadiria kabla mpinzani hajapiga ni upande gani mpira utakuja. Akikosea upande, mwendo wake humdhuru badala ya kumfaa, kwa kuwa hana budi kwanza aondoe kasi aliyokuwa nayo. Hivyo akili na jicho vimo ndani ya ile u ya mlinganyo. Waliomtazama Vergeer akicheza waliona zaidi ya yote jinsi alivyokuwa akifika mapema. Kwa maoni yangu miaka yake ya mpira wa kikapu haikuwa kando ya jambo hili: katika mchezo huo wachezaji kumi wako uwanjani pamoja, na asiyejua kukigeuza kiti huku mikono ina kazi nyingine hafiki popote.

HESABU YA MAPAMBANO 470

Turudi kwa mwanafunzi wa viti vya nyuma. Tuseme mchezaji ana uwezekano wa kushinda mara 99 katika kila mapambano 100. Bingwa wa namna hiyo tungemwita wa ajabu. Uwezekano wake wa kushinda 470 mfululizo ni 0.99 kwa kipeo cha 470. Logi ya 0.99 ni –0.004365, mara 470 ni –2.0515, na jibu ni 0.0089, yaani chini ya 1 katika 100. Basi hata yeye tungetazamia ashindwe mahali fulani njiani. Ili mtu awe na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kufikisha 470, yampasa ashindwe si zaidi ya mara moja katika mapambano 680 hivi. Mwanadamu anayeugua mafua, anayechoka safarini na kukatikiwa nyuzi za raketi atawezaje kufikia usahihi huo?

Sehemu ya jibu imo katika muundo wa tenisi wenyewe. Tenisi hujengwa kwa ngazi: pointi huzaa gemu, gemu huzaa seti, seti huzaa pambano, na kila ngazi huikuza ziada ya ngazi iliyo chini yake. Anayepata pointi 6 katika kila 10 hushinda gemu 74 katika kila 100. Hivyo ziada ndogo pale chini hugeuka kuwa kubwa sana juu.

Tutumie ngazi ya seti, maana hapo tuna hesabu halisi. Katika mapambano yale 470 Vergeer alipoteza seti 18 tu. Mshindi hupata seti mbili, basi alishinda seti 940. Jumla ni 958, tukichukulia kwamba mapambano yote yalichezwa hadi mwisho. Sehemu ya seti alizopoteza, tuiite q, ni 18/958, au 0.0188. Uwezekano wa kupoteza pambano zima, ambalo lahitaji kupoteza seti mbili, ni 3q² – 2q³, nao ni 0.00105. Kwa mapambano 470, uwezekano wa kutoshindwa hata mara moja watokea kuwa 0.61.

Mwanafunzi wetu atafurahi: "Kumbe halikuwa jambo la ajabu! Ni 6 katika 10!" Tena ana hoja nyingine mkononi. Mapambano 95 kati ya yale 470 yalikwisha kwa 6–0, 6–0, mpinzani asipate hata gemu moja. Wapinzani wote kwa jumla walikuwa 73 tu, yaani kila mmoja alikutana naye zaidi ya mara sita kwa wastani. Yapasa tukiri kwamba mchezo wa wanawake wa kitini ulikuwa, na ungali, na watu wachache wa daraja la juu. Kiti cha michezo ni ghali. Nchi zinazompa msichana kiti, mwalimu na uwanja kwa pamoja zahesabika. Afrika Kusini imetupa Kgothatso Montjane, aliyecheza Wimbledon mwaka 2018, lakini hata leo sehemu kubwa ya dunia haijachangia mchezaji. Uholanzi, kinyume chake, ilikuwa na mpango mzima wa kuwalea, hata wapinzani wakubwa wa Vergeer wakawa Waholanzi wenzake.

Lakini hesabu ile ina kosa, na ni kosa linalofaa kufundishwa. Tumechukua q moja kwa wapinzani wote. Mtu aliyefungwa 6–0, 6–0 hakuwa na tishio lolote. Seti zile 18 hazikutoka kwa wanyonge, zilitoka kwa wachache wenye nguvu. Tufanye makisio mengine: seti zote 18 zilipotezwa katika mapambano magumu 100, na yale 370 yaliyobaki hayakuwa na hatari. Sasa q ni 18/218, yaani 0.083, uwezekano wa kupoteza pambano moja gumu ni 0.019; na uwezekano wa kuyapita yote 100 bila ya kushindwa ni 0.14 tu, kiasi cha 1 katika 7. Mapambano magumu yakiwa 50 badala ya 100, namba hushuka zaidi. Kadiri tunavyosema kwamba wengi wa wapinzani walikuwa dhaifu, ndivyo tunavyolazimika kukubali kwamba zile seti 18 zote zilitoka mahali pamoja pa hatari, na ndivyo kuokoka kwake kunavyokuwa kugumu kuelezwa kwa bahati. Hoja ya mwanafunzi imegeuka na kumpinga mwenyewe.

Maana tutazame seti 18 zenyewe. Kila mara alipopoteza seti moja, ilikuwapo seti ya tatu ya kuamua. Zilikuwapo seti 18 za namna hiyo, na zote 18 alishinda. Kama seti ya kuamua ingekuwa kama kurusha shilingi, uwezekano wa kushinda 18 kati ya 18 ungekuwa 1 katika 262,144. Kwangu mimi, hapa ndipo pa kumpimia bingwa huyu. Zile 95 za sifuri hazitufundishi mengi.

SIKU YA BEIJING

Moja ya zile 18 ilikuwa fainali ya Beijing mwaka 2008. Mpinzani alikuwa Korie Homan, Mholanzi mwenzake. Vergeer alishinda seti ya kwanza 6–2, akapoteza ya pili 4–6, na seti ya tatu ikaenda hadi 6–6. Katika seti hiyo Homan alifika mahali ambapo pointi moja tu ingemaliza pambano na kuukata mfululizo wa zaidi ya miaka mitano. Katika mapambano yote 470 ndiyo mara pekee mpinzani alipofika hapo. Vergeer aliinusuru pointi ile na kushinda 7–6.

Je, fizikia na hesabu zaweza kueleza pointi hiyo? Kwa sehemu tu. Tulisema mikono hufanya kazi mbili. Seti ya tatu ni wakati misuli ya mabega imechoka, na mchapuko ule wa 1.5 umeshuka, tuseme, kuwa 1.2. Aliyesimama tuli sasa atazifikia mita 4 kwa sekunde 2.58, akiwa amechelewa kwa 0.27 kuliko alipokuwa na nguvu. Yule anayebingirika kwa kasi ya 1.5 atafika kwa sekunde 1.62, amechelewa kwa 0.10 tu. Uchovu humdhuru zaidi anayesimama. Mchezaji aliyejizoeza kutosimama hupoteza kidogo pale mwenzake anapopoteza kingi, na huenda hiyo ikawa sababu mojawapo ya zile seti za tatu. Yaliyobaki, yaani hofu, subira, na jinsi mtu anavyoupokea mpira akijua kwamba ndio wa mwisho, hayamo katika jedwali langu.

Pambano lake la 470 na la mwisho lilikuwa fainali ya London mwaka 2012, alipomshinda Aniek van Koot, Mholanzi pia, kwa 6–0, 6–3. Mwaka 2023 aliingizwa katika Jumba la Heshima la Kimataifa la Tenisi. Mholanzi mwingine, Diede de Groot, alifikisha ushindi 145 mfululizo kabla ya kushindwa mwezi Mei 2024.

KAZI YA DARASANI

Kwa kazi ya kwanza mwalimu ahitaji mpira wa tenisi, ukuta uliochorwa vipimo kwa chaki, na saa. Wanafunzi wauangushe mpira kutoka mita 2, wasome kimo cha mdundo wa kwanza na wa pili, watafute uwiano wa vimo, kisha warudie juu ya saruji, juu ya udongo ulioshindiliwa na juu ya majani. Waulizwe kanuni ya midundo miwili ina thamani ya sekunde ngapi katika kila uwanja, na ni uwanja gani ambao kanuni hiyo ingekuwa haina maana kabisa.

Kazi ya pili yafanyika mahali penye kiti cha magurudumu, kwa ridhaa ya mwenye kiti na yeye akiwa mwendeshaji, maana ndiye fundi. Apimwe muda wa kwenda mita 4 kutoka kusimama, kisha akianza akiwa katika mwendo. Halafu arudie yote mawili akiwa ameshika kijiti chenye unene wa mpini wa raketi. Darasa litafute mchapuko katika kila hali, na lieleze ni tofauti ipi iliyo kubwa zaidi, na kwa nini.

Kazi ya tatu ni ya logi. Mchezaji wa pili, wa kubuni, naye alipoteza seti 18 katika mapambano 470, lakini zote zilitoka katika mapambano magumu 40. Tafuta uwezekano wa yeye kutoshindwa hata mara moja. Je, namba za mapambano magumu zikiendelea kupungua, jibu litafika wapi, na ni wakati gani hesabu yetu inaacha kuwa na maana?